Daftari la Owino Uhuru

Basi la Mombasa huondoka Mokowe asubuhi na mapema, kwa hiyo mtu wa Lamu anayelitaka huvuka bahari gizani, mashua imejaa watu waliojitanda leso na shuka, hakuna anayesema neno. Ya barabarani sitayarefusha. Aijuaye njia ile anavijua vizuizi vyake: mnashuka wote, mnapanga foleni, kila mtu na kitambulisho chake mkononi, mnapanda, na hamjakaa vizuri mnashushwa tena. Witu nilinunua maembe dirishani, Malindi nikapitiwa na usingizi, na nilipozinduka tulikuwa Mtwapa, tumekwama nyuma ya lori la mchanga. Ilikuwa Februari 2025, na jua la Februari nyote mnalijua.

Tulikuwa twende watatu. Mmoja akafiwa, mwingine akapata kibarua cha siku nne, na kibarua hakikataliwi. Nikabaki mimi, mwenye maneno mengi na hesabu kidogo, niliyetumwa na kikundi chetu cha mtaani nikawaulize watu wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri, swali moja: mliwezaje kukaa pamoja miaka yote hii?

Swali hilo lilikuwa limetukaa kooni. Sisi Lamu tuna sifa ya kushinda. Tarehe 26 Juni 2019, mahakama maalumu ya rufaa za mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, megawati 1,050, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Tulicheza barabarani siku ile. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama Kuu kule Malindi iliwapa wavuvi wetu zaidi ya 4,000 fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari mpya, na hiyo haikuwa na ngoma ndefu, maana hukumu ilitoka na pesa hazikutoka nayo. Kisha kila mtu akarudi kwake. Mkutano wa kikundi uliokuwa ukijaza baraza siku hizi unaita watu kumi, wanakuja wanne, na mmoja wao amekuja kuchaji simu.

Nililala Kibokoni kwa shangazi yangu. Asubuhi alinisogezea sahani ya mahamri na bakuli la mbaazi za nazi, akaketi kunitazama nikila kama anavyonitazama tangu nikiwa na miaka saba.

"Unakwenda kule kwenye sumu?"

"Nakwenda kwa watu, shangazi."

"Na hao watu wanakaa wapi? Si kwenye hiyo sumu?"

Nikamega hamri, nikanyamaza.

Mwembe Tayari, makanga aliniapia kwamba gari ni la Mikindani moja kwa moja. Tukapita Makupa, pale ambapo tangu 2022 kuna daraja badala ya lile tuta la zamani lililoziba mkono wa bahari, na maji sasa yanapita chini yakienda na kurudi. Kibarani, kwenye jaa ambalo zamani ulikuwa unalijua kwa pua kabla ya macho, pamefungwa na kupandwa miti. Abiria aliyekaa kando yangu bado alipitisha leso puani tulipofika hapo. Mazoea. Changamwe dereva akaona foleni ya malori ya kontena haina mwisho, akageuza gari. "Mwisho hapa, mzee." Gari liligeuka, nauli haikugeuka. Nikamalizia safari kwa bodaboda, nimekumbatia mkoba wangu wa maembe yaliyobaki.

Nilitarajia kuona kitu. Mtu akienda mahali palipoandikwa sana magazetini hudhani patakuwa na alama. Owino Uhuru haina alama. Nyumba za mabati na za udongo zimebanana, nguo zimeanikwa, mama mmoja anakaanga viazi karai, redio inabishana na redio ya jirani. Udongo ni udongo tu, rangi ya udongo. Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na woga kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeukanyaga tayari na sikuhisi lolote.

Mama aliyenipokea ni mtu wa miaka sitini hivi, mzaliwa wa bara, Kiswahili chake kimeoga maji ya Pwani lakini hakijakauka vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla ya salamu nyingine akaniletea kata ya maji na kipande cha sabuni. Nikanawa. "Nawa tena, mwanangu. Na kucha." Ndani hakuna ufagio. Sakafu hupanguswa kwa kitambaa kibichi asubuhi na jioni, kwa kuwa vumbi ukilifagia unalirusha, na mtoto anayetambaa huliokota kwa viganja na kuvitia mdomoni. Hayo alinieleza akimimina chai, kama mtu anavyokueleza masharti ya nyumba yake kuhusu viatu.

Kisha akanipeleka ukutani. Kiwanda kilianza kazi mwaka 2007. Betri kuukuu za magari zililetwa kwa malori, zikavunjwa, asidi ikamwagwa, madini ya risasi yaliyomo yakayeyushwa na kuuzwa. Ukuta wa kiwanda na nyumba za watu ni jirani wa kuazimana chumvi. Moshi ulipotoka hawakuwa na pa kukimbilia, na maji machafu yaliteremka kwenye kijia ambako watoto walicheza. Mama alinionyesha mlango wa banda lake la kuku, ni bati aliloliteremsha kutoka kwenye paa la nyumba yake ya zamani. Limetobokatoboka kama chujio la nazi. Niliweka jicho kwenye tundu moja kuona upande wa pili, nikakutana na mtoto wa jirani ananitolea ulimi.

"Kitinda mimba wangu alipopimwa wakaniambia ana risasi kwenye damu," alisema. "Nikampigia mama mkwe wangu kule nyumbani kumwambia. Akaangua kilio, majirani wakajaa. Alidhani mtoto kapigwa bunduki."

Tulicheka wote wawili, halafu tukaacha. Risasi hii haina mlio. Mwili huidhania kuwa kalisi na kuihifadhi kwenye mifupa na meno, ikakaa humo miaka. Humpunguzia mtu damu, huharibu mimba, na kwa mtoto hugusa ubongo ambao bado unajengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Jina la Phyllis Omido linajulikana. Aliajiriwa na kiwanda kilekile mwaka 2009, mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi, akaacha kazi na kugeuka kuwa mwiba wao. Alikamatwa 2012 baada ya maandamano, akafunguliwa mashtaka, akaachiliwa na korti. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka uliofuata akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Hayo hata sisi Lamu tunayajua. Nisilolijua ni daftari.

Lilikuwa chini ya godoro, limefungwa ndani ya mfuko wa unga. Jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu, kurasa mia mbili: lilelile ambalo wenye maduka huandikia deni. Safu nne: jina, mlango, watoto, simu. Nambari za simu zimekatwa na kuandikwa upya, nyingine mara nne, kila mara kwa wino wa rangi tofauti. Kwenye majina mengine kuna dole gumba. Pembeni kuna herufi ndogo, M au H. M ni marehemu. H ni aliyehama.

"Aliyehama mbona hamkumfuta?" nikauliza.

Alinitazama kama nimeuliza mbona bahari ina chumvi. "Amehama na mifupa yake."

Kila mwisho wa mwezi, mama huyu huketi na simu yake ya vibonye na kupiga nambari kumi. Hana habari ya kuwapa. Anauliza tu: upo? Bado uko Mazeras? Kitambulisho kilichopotea umeshapata kingine? Mtoto anaendeleaje shuleni? Akimaliza anatia alama ya vema. Wengine, wakiona jina lake kwenye simu, hudhani anadai deni, hawapokei, naye huwarudia mwezi ujao.

Ukifungua kurasa za nyuma unaisoma kesi nzima bila kusoma sheria. Mwaka 2016, walipokwenda kortini, majina yamejazana mpaka pambizoni, watu wakaandikwa ubavuni kama abiria wa ziada. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ilipowapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe, la sivyo zitolewe milioni 700 za kazi hiyo, kuna nyota zimechorwa kwa kalamu nyekundu na orodha mpya ya watu ambao hakuna aliyewakumbuka hapo awali, "binamu za hukumu," mama aliwaita. Juni 2023, Mahakama ya Rufaa ilipoiondoa fidia ile, ukurasa ni mweupe. Kurasa mbili nzima. Nilidhani zimerukwa kwa bahati mbaya.

"Miezi ile sikuandika," alisema. "Nilipiga simu tu."

Halafu Desemba 2024, Mahakama ya Juu ikairejesha fidia, na wino unaanza tena.

Jioni kulikuwa na mkutano kanisani, jengo la mabati lenye mabenchi yasiyo na migongo, watu kama arobaini. Waliniomba nisalimie. Nami, mtu wa maneno, nikasalimia kwa dakika ishirini: makaa ya mawe, Kwasasi, tulivyoandamana, tulivyoshinda. Nilipoketi nikitarajia makofi, mzee mmoja aliyeegemea mkongojo wake akainuka.

"Ahsante, ndugu yetu wa Lamu. Nyinyi mliukataa moshi kabla haujawashwa. Sisi tulikuwa tumeshauvuta. Kwa hiyo ngoma yenu tumeisikia, lakini hatuna miguu yake."

Ndiyo makofi yakapigwa, yake. Nilistahili. Lakini kijana mmoja akaniuliza tulitumia kifungu gani, na hapo nikapata la kusema. Nikawaeleza Katiba: kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu kwenda kortini haki hiyo inapovunjwa au inapoelekea kuvunjwa, bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyekwisha kupata hasara.

Mwanamke aliyekuwa akinyonyesha nyuma aliuliza, "Yaani hata kabla mtoto hajaugua?"

"Hata kabla."

"Na hiyo Katiba ni ya mwaka gani?"

"2010."

Akahesabu vidole vya mguu wa mtoto, polepole, kama anacheza naye. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Hakusema kitu. Wote mle ndani walijua kiwanda kilifungwa mwaka gani.

Kilichofuata ni ugomvi, na ulikuwa mtamu. Pesa, ambazo siku ile zilikuwa bado maneno, zigawanywe sawa kwa kila kichwa au kwa kadiri ya ugonjwa? Mpangaji aliyekaa miaka miwili awe sawa na aliyezaliwa hapa? Wenye H wachukuliwe hatua gani wakija na mashahidi wa kununua? Mtu mmoja alitoka nje kwa hasira, akarudi baada ya dakika tano kwa sababu mvua ndogo ilianza. Kila walipofika pabaya, mama alifungua daftari magotini na kusoma jina kwa sauti, mlango, watoto, mwaka. Sauti zikashuka.

Nilikuja na swali la umoja, kama ule unaoimbwa kwenye semina za hoteli, na nadhani nilikuwa nimelikosea. Hawa hawapatani. Walichonacho ni kumbukumbu moja ambayo wanagombania ndani yake, na mtu mmoja mkaidi anayepiga simu kumi kwa mwezi. Lamu tuna fulana, tuna mabango, tuna picha za siku tuliyoshinda. Ukiniuliza wavuvi wale 4,000 wako wapi leo, nani kafa, nani kaenda Mombasa kubeba mizigo, sina hata karatasi.

Nilipoaga, mama alinifungulia ukurasa wa mwisho nijiandike miongoni mwa wageni. Nikaandika haraka haraka kama nilivyozoea kutia sahihi.

"Andika vizuri, herufi moja moja. Hizi husomwa na hakimu."

"Hakimu gani, mama? Kesi si imekwisha?"

"Yeyote atakayekuja."

Nikaandika upya.

Nilifika Kibokoni baada ya isha. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na taa ya simu. "Viatu vibaki nje," alisema, kisha akabadili nia, akaniletea ndoo. "La, vioshe kabisa."

Nikachutama kwenye kichochoro, nikasugua kandambili zangu kwa brashi mpaka maji yakawa ya rangi ya chai. Nilipoinua ndoo kuyamwaga, mkono ukasita. Mfereji pale mlangoni unateremka kwenye ngazi, unapita nyuma ya msikiti, na kutoka hapo, kama mifereji yote ya Mji wa Kale, unaishia baharini. Nilibaki nimeshika ndoo. Shangazi akauliza kutoka ndani kama nimelala huko nje.