Tulivyopambana na mbu wa dengue uani kwetu Sinza

Dengue ilipopamba moto Dar es Salaam mwaka 2019, wapangaji wenzangu wawili waliugua: homa kali, viungo kuuma, na macho kama yanasukumwa kwa ndani. Walipimwa malaria, hakuna kitu. Vyandarua tunavyo sote, ila mbu wa dengue, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Saa hizo nani yuko ndani ya neti?

Ikabidi tugeukie uani. Maji yetu ni ya mgao, kila familia ina pipa lake, na mbu huyu hutaga kwenye maji yaliyotuama vyomboni. Ukimwambia mtu wa Dar amwage maji unatafuta ugomvi. Mama mwenye nyumba alinijibu, "Mwanangu, mbu wanatoka mtaroni. Pipa langu safi." Sikubishana. Nilichota glasi moja kwenye hilo pipa lake, nikaiinua juani. Viluwiluwi wakawa wanajinyonganyonga mle, ukiigonga glasi wanazama wote. Akaitazama, akaita wapangaji wote. Toka hapo mimi nikawa msaidizi tu.

Kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai hunata kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja kuloweshwa. Kwa hiyo tulisugua kwa brashi na sabuni, na tukawa tunarudia kila wiki, kabla yai halijafikia kuwa mbu. Pipa lisilo na mfuniko tulilifunga kipande cha neti kuukuu kwa mpira wa baiskeli. Vifuu na visahani vya maua havikusumbua. Kilichosumbua ni tairi bovu la kijana wa bodaboda, ambalo aliapa ataliuza; mwishowe likahamia chumbani kwake.

Wagonjwa wetu walilala ndani ya neti mchana kutwa, mbu wasiwaume wakatuletea na sisi. Daktari aliwaandikia parasetamoli na maji mengi, akawakataza aspirini na diklofenaki kwa kuwa zinaweza kuchochea kutokwa damu. Hili la diklofenaki lilizua ubishi kidogo, maana kwetu mwili ukiuma tu mtu anakimbilia duka la dawa kuiulizia.

Siku hizi mama mwenye nyumba anakagua mwenyewe Jumamosi, na tochi mkononi. Atakayekutwa na viluwiluwi anasugua mapipa ya nyumba nzima.