Nilitaka Chafya, Nikapata Mluzi: Valvu ya Supachaja Yangu

Toyota Corolla Levin yangu ni AE92 ya mwaka 1988, yenye injini ya 4A-GZE ya lita 1.6 na supachaja ya SC12, yaani pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, inayozungushwa kwa mkanda. Mwaka jana, nikiwa napanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, niliona gari limekuwa zito kama limebeba mchanga, na niliporudi Tanga fundi wangu wa Ngamiani alifungua mabomba akanionyesha valvu ya baipasi ya kiwandani, mlango wa kurudisha hewa kabla ya supachaja pale isipohitajika, imekwama nusu wazi kwa utando wa mafuta na kutu, kiasi kwamba hewa iliyokuwa imekwisha kugandamizwa ilikuwa ikirudi nyuma badala ya kuingia kwenye injini.

Valvu ya aina ile haikupatikana kwa urahisi. Muuzaji mmoja wa vipuri vya mtumba alinitolea nyingine, ya bluu inayong'aa, ambayo hutoa hewa nje moja kwa moja, akaniambia, "Kaka, hii ndiyo ya kisasa, hiyo ya kurudisha hewa ndani ya nini?" Nakiri kwamba sikuhitaji kushawishiwa sana. Kila kijana aliyewahi kusikia gari la tabo likipiga chafya dereva anapoachia mafuta anajua nilichokuwa nakitamani. Tuliifunga valvu mpya kwenye bomba la baada ya supachaja, njia ya zamani ya baipasi tukaiziba kwa kipande cha bati na gasketi.

Chafya haikuja. Kila nilipoachia mafuta nilisikia mluzi mwembamba wa kufyonza, na gari likisimama, sailensi, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, ilikuwa ikipanda na kushuka bila kutulia. Asubuhi ya tatu, gari likiwa linanguruma mbele ya nyumba, niliweka kiganja kwenye mdomo wa valvu. Kiganja kilivutwa kikanasa, na papo hapo injini ikatulia. Nilipokiondoa, kilikuwa na duara la vumbi jekundu, vumbi la barabara ya Pangani ambalo nilidhani linaishia kwenye kichujio.

Maelezo yake yamo katika mpangilio wa mabomba, na hapa ndipo ningependa msomaji mwenye gari la aina hii atulie kidogo. Katika 4A-GZE, kipepeo cha throtoli, kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa unapokanyaga mafuta, hukaa kabla ya supachaja, si baada yake, kwa hiyo unapoachia mafuta, sehemu yote iliyo nyuma ya kipepeo, yaani supachaja, intakula (kipoza hewa) na manifodi (mabomba ya kugawa hewa kwenye silinda), hubaki katika mvuto, presha ya chini inayofyonza hewa. Valvu inayofunguka kwa mvuto huo, ikiwa mdomo wake umeelekea nje, haiwezi kutoa kitu, inaingiza. Hewa inayoingia hivyo haijapita kwenye kichujio wala kwenye kipima hewa kilichoko mbele, kompyuta haijui kama ipo, petroli inayomwagwa haiitoshi, na mchanganyiko unakuwa mkavu. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimelipa fedha ili nitobolewe bomba.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi kulielewa. Supachaja hii ina klachi ya sumaku kama ile ya kompresa ya kiyoyozi, na kompyuta huiachia wakati injini haina mzigo mkubwa. Wakati huo supachaja haisukumi, na injini hupata hewa yake kupitia baipasi. Kumbe valvu niliyoiziba kwa bati ilikuwa ndiyo njia ya kawaida ya kuvutia hewa kwa sehemu kubwa ya safari, hasa kwa mtu anayekwenda Muheza taratibu na familia nyuma.

Hapo ndipo tofauti kati ya tabo na supachaja inapoonekana. Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi, na presha yake inahitaji kutolewa kwa muda mfupi tu, pale kipepeo kinapofungwa ghafla. Chafya moja inatosha. Supachaja ya rota mbili hupakua kiasi kilekile cha hewa kwa kila mzunguko, ipende isipende. SC12 hupitisha takriban lita 1.2 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo rota zikizunguka mara 6,000 kwa dakika ni lita 7,200, na hewa hiyo lazima iwe na pa kwenda. Baipasi iliyo wazi huiacha izunguke kutoka upande wa kutokea hadi upande wa kuingilia, presha za pande mbili zikikaribia kulingana, hivyo mkanda hauvuti sana na joto haliongezeki ovyo.

Magari ambayo kipepeo chake kiko baada ya supachaja, kama Mercedes za Kompressor zenye injini ya M271, yana tatizo la upande mwingine. Huko kweli kuna presha ya kutoa, na valvu ya nje ingepiga kelele inayotakiwa. Lakini pale ambapo hewa inayotupwa imekwisha kupimwa, petroli yake inamwagwa vilevile, na matokeo ni moshi mweusi, plagi zenye masizi na gari linalotaka kuzima kwenye taa za barabarani. Mrejesho wa hewa ukirudi baada ya kipima hewa na kabla ya supachaja, hesabu inabaki sahihi.

Valvu ya nje ina mahali pake. Supachaja za sentrifugo, zinazosukuma hewa kwa gurudumu la mapanga linalozunguka kwa kasi, kama za Vortech, zina tabia inayokaribia ya tabo, na ikiwa kompyuta inasoma presha ya manifodi badala ya kupima hewa inayoingia, au ikiwa kipima hewa kimewekwa baada ya valvu, hewa iliyotupwa haimdhuru mtu isipokuwa jirani aliyelala.

Mimi nilirudi kwenye baipasi. Niliipata ya mtumba, na safari hii sikuilipia mpaka nilipovuta hewa kwa mdomo kwenye mpira wake mwembamba na kuziba kwa ulimi: kiwambo kizima, utando wa ndani unaofungua valvu, hushikilia mvuto, kilichochanika huuachia. Pia nilihakikisha mdomo wake si mdogo kuliko ule wa zamani, kwa sababu valvu nyembamba huibana injini hata ikifunguka kikamilifu. Fundi aliondoa bati, akasafisha njia kwa petroli, akabadilisha klempu mbili, na sailensi ikatulia kabla hajamaliza kufuta mikono.

Ile ya bluu alinunua kijana wa Chumbageni mwenye Toyota Starlet Glanza ya tabo, ambayo kompyuta yake husoma presha ya manifodi. Jioni akipita hapa mtaani naisikia ikipiga chafya barabara, na mke wangu hunitazama bila kusema neno.