Sauti inayomsaidia mtoto kusoma

Mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kutambua maneno yaliyoandikwa, anapofungua kitabu cha sayansi, nguvu zake nyingi huishia katika kuunganisha herufi na sauti zake, hata anapofika mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kumponyoka. Mtoto huyohuyo, akisomewa ukurasa uleule, huweza kuuliza maswali yanayoonyesha kwamba ameuelewa vizuri. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba ufahamu wa maandishi hutegemea mambo mawili kwa pamoja: kuyatambua maneno na kuielewa lugha yenyewe. Programu inayogeuza maandishi kuwa sauti humpunguzia mtoto mzigo wa lile la kwanza, ili la pili lisidumae.

Wapo wanaohofu kwamba atazoea kusikiliza na kuacha kusoma. Hofu hiyo naielewa, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba masomo ya kutambua herufi, silabi na maneno yaendelee kila siku bila kupunguzwa, kwa kuwa hakuna programu inayoyafundisha kwa kusoma tu kwa niaba ya mtoto. Lakini saa ya historia si saa ya silabi. Anayenyimwa historia kwa sababu bado anajifunza kusoma hubaki nyuma mara mbili, maana hukosa pia msamiati ambao ungemrahisishia usomaji wa baadaye.

Namna ya kuitumia programu hiyo ya sauti ina uzito wake. Napendelea programu zinazopaka rangi neno linapotamkwa, ili jicho lifuatane na sikio, na mwendo wa sauti uwe ule anaouchagua mtoto mwenyewe, kwani sauti inayokimbia humchosha kama maandishi yalivyomchosha. Avae vipokea sauti, asionekane wa pekee darasani. Kitabu kilichopigwa picha tu hakiwezi kusomwa kwa sauti mpaka kipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi yaliyo ndani ya picha, na hapo mtu mzima akikague kwanza, hasa majina, majedwali na hesabu.

Linalonigusa zaidi ni mitihani. Mtoto aliyejifunza mwaka mzima kwa msaada wa sauti, kisha akapewa karatasi ya sayansi aisome peke yake kimyakimya, hapimwi sayansi. Anapimwa kasi ya kutambua maneno. Mtihani wa kusoma upime kusoma, na ule wa sayansi uruhusu maswali yasomwe kwa sauti.