Kabati

Jana chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, imetuletea kabati. Vijana wawili walilisukuma kutoka kwa fundi wa mbao, wakaliingiza kimgongomgongo mlangoni, wakabishana na mume wangu juu ya bei, wakaenda. Mimi nilipaswa kufurahi. Badala yake nilisimama nikikadiria: hili linabebwa na watu wangapi, na kwa dakika ngapi?

Nina miaka 29. Tangu nianze kujilipia nyumba hapa Goma sijanunua kitu ambacho siwezi kukibeba kichwani. Nguo zinakaa ndani ya valizi. Godoro jepesi, sufuria tatu zinazoingiana. Mume wangu alidhani mwanzoni ni ubahili. Baadaye akaanza kuona kwamba sina mpango wa kukaa naye, na hapo ndipo nilipokubali kabati.

Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa na miaka sita. Tuliishi karibu na Birere, kwa koko, mama wa mama yangu. Watu wakisikia mwaka huo huniuliza juu ya moto. Kusema kweli, moto wa volkano ya Nyiragongo nimeuona zaidi kwenye picha za watu wengine. Ninachokumbuka ni kiganja cha koko utosini. Kila tulipofika kona alitusimamisha, akatugusa kichwa mmoja mmoja: moja, mbili, tatu, ine, tano. “Bote muko. Tuende.” Tukavuka mpaka hivyo hivyo, kwa kuhesabiwa, hadi Gisenyi, upande wa Rwanda.

Usiku ule tulilala barazani kwa watu tusiowajua. Wakubwa wengine walikuwa wanalia, wengine wanaitana majina gizani. Koko aliomba maji, akatuosha miguu. Wote watano, huku akitugombeza kama jioni yoyote ile: “Miguu gani hii, ya mbuzi?” Nikacheka, nikalala.

Tuliporudi, mawe yalikuwa bado ya moto, soli za kandambili zikawa zinanata. Nyumba ilikuwa chini yake. Koko alitembea juu ya jiwe jeusi akituonyesha kwa mguu: hapa jikoni, hapa mlango.

Miaka miwili iliyopita sisi walimu wa darasa la kwanza tulipewa mafunzo, tukagawiwa karatasi yenye maswali kumi. Asili yake ni utafiti uliofanyika San Diego, Marekani, miaka ya 1990, kwa watu wazima zaidi ya 17,000. Unaulizwa yaliyokupata nyumbani kabla ya kufika miaka 18: kupigwa, kutelekezwa, ulevi wa mzazi, wazazi kutengana. Waliojibu “ndiyo” mara nyingi ndio walioonekana kuugua zaidi ukubwani, moyo, huzuni, pombe. Mimi nilipata moja tu, ya wazazi kutengana. Mwenzangu aliyekaa pembeni akaninong’oneza, “Volkano haimo?” Haimo. Vita pia haimo. Kwa karatasi ile mimi nimelelewa kwenye pamba.

Kilichonishika zaidi ni habari ya kisiwa cha Kauai, huko Hawaii. Watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 walifuatiliwa hadi utu uzima. Kati ya wale walioanza maisha kwa tabu nyingi, theluthi moja hivi walikua watu wazima walio sawa, wenye kazi na upendo. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kumtegemea, mara nyingine bibi au babu. Niliposoma hayo nikaona beseni la maji pale barazani.

Lakini nina ugomvi kidogo na neno “sawa”. Nani alifungua valizi zao akaangalia?

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, mbingu ilipokuwa nyekundu tena, nilijikuta tayari nagusa vichwa vya watoto wa yaya wangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, kabla sijajua ninafanya nini. Tarehe 27 mitaa 10 kati ya 18 ilipoamriwa kuhama, nilitoka wa kwanza uani kwetu, valizi kichwani, nikaingia njia ya Sake. Jirani alinisifu. Nilijisikia kama nimepata tuzo.

Januari 2025 vita ilipoingia mjini, valizi ilikuwa tayari vilevile, pembeni ya mlango. Sisi tulilala chini sakafuni na hapakuwa na pa kwenda. Niliitazama siku zile zote. Haikunisaidia kitu.

Darasani kwangu kuna msichana mmoja asiyevua mkoba mgongoni. Anaandika nao, anakula nao. Zamani nilikuwa namwambia autundike kama wenzake. Siku hizi namwacha, nasogeza tu benchi ili mgongo upate nafasi.

Jana usiku nilipanga mashuka kwenye kabati, na makoti mawili ya mume wangu. Valizi niliiingiza upande wa chini, imejaa, imefungwa. Aliiona. Akasimama kidogo, kisha akafunga mlango wa kabati taratibu, akaniuliza kama chai imebaki.