Nilivyowasaidia vijana wetu wenye ulemavu kutoka komyuniti koleji hadi kazini

Kauli iliyonisumbua kuliko zote huku Marekani ni ile inayozunguka kwenye harusi na misiba yetu: "Mama, huyo mtoto asifanye kazi, SSI wataikata yote." SSI ni fedha ya kila mwezi ya serikali kwa wenye ulemavu na kipato kidogo. Kauli hiyo si kweli, na imewakalisha nyumbani vijana waliomaliza masomo yao vizuri.

Dawa yake ni karatasi na kalamu. Tuseme kijana hana kipato kingine, na kazini atalipwa dola 885 kwa mwezi kabla ya kodi. Toa 85 ambazo SSI haizihesabu, zinabaki 800. Gawa kwa mbili, unapata 400. Hizo 400 ndizo zinazopungua kwenye SSI. Zilizobaki ni zake. Kisha nampa mama kalamu, achague mshahara mwingine apige hesabu mwenyewe. Akishaandika kwa mkono wake, jioni yeye ndiye anayewaeleza majirani. Kama kijana hajafika miaka 22 na bado anasoma, ombeni msamaha wa mshahara wa mwanafunzi: sehemu kubwa haihesabiwi kabisa. Na wanaohofia kupoteza Medicaid, yaani bima ya matibabu ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kitajeni kifungu cha sheria 1619(b) kwa namba hiyo hiyo, maana matibabu yanaweza kuendelea hata fedha ya SSI ikifika sifuri.

Chuoni kwenyewe nilianza vibaya. Nilikiandikia chuo barua pepe kumwombea mwanafunzi msaada, nikajibiwa kwamba lazima aombe mwenyewe. Haiskuli, shule ndiyo inayomtafuta mtoto. Chuoni IEP, ule mpango wa shule wa kumsaidia mtoto mwenye ulemavu, haina nguvu tena. Sasa tunafanya mazoezi ya kusema: "Uoni wangu ni hafifu, ubaoni sisomi. Naomba kitabu cha kielektroniki na muda wa ziada kwenye mtihani." Barua ya daktari nayo ieleze kinachomshinda, kwa sababu jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Aende ofisi ya chuo inayohudumia wenye ulemavu kabla muhula haujaanza, kwani mtihani aliofeli kabla ya kupewa barua ya chuo ya kukubali msaada huo haurudiwi. Risiti ya kitabu aitunze, wachapishaji wengi huitaka kabla ya kutoa nakala ya kielektroniki, na kuisubiri kunaweza kuchukua wiki kadhaa.

Ofisi ya VR ya jimbo, inayowasaidia wenye ulemavu kujiandaa na kupata kazi, inaweza kulipia ada, kompyuta, hata usafiri. Ina siku 60 za kuamua kama anastahili. Msinunue kitu kabla mpango wake na ofisi hiyo haujasainiwa, hamtarudishiwa.

Kwenye usaili, mwajiri haruhusiwi kumuuliza kuhusu ulemavu kabla ya kumpa kazi, ila anaweza kuuliza kama ataweza majukumu. Hapo ajibu kwa vitendo, aonyeshe anavyokuza maandishi kwenye skrini na kuendelea kuchapa.

Mshahara wa kwanza ukiingia, apige picha karatasi ya malipo siku hiyo hiyo na kuripoti kwa Social Security, ofisi inayotoa SSI, kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Wanaochelewa ndio hudaiwa baadaye, kisha watu wanasema kazi ndiyo iliyowaponza.