Mchezo wetu wa uani Nsambya

Ndugu wa Tanga bado wananiuliza kwa nini sikurudi nyumbani ule mwaka wa corona, kazi ilipokatika. Jibu fupi ni kwamba mipaka ilifungwa na nauli sikuwa nayo. Jibu refu ni michezo ya kuigiza, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Nilikuja Kampala kufundisha Kiswahili. Mtaala mpya wa sekondari wa Uganda ulikuwa unaanza mwanzoni mwa 2020, na ndani yake Kiswahili ni somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili. Shule zilikuwa zinatafuta walimu, na Mtanzania aliyesomea lugha alipata kazi bila kuhangaika sana. Nikapewa vipindi vyangu kwenye shule moja ya binafsi, nikapanga chumba Nsambya, nikanunua godoro na sigiri. Kabla muhula haujafika mbali, Machi 20, shule zote zikafungwa. Zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko huo. Wanafunzi zaidi ya milioni 10 walikaa nyumbani, na sisi walimu wa binafsi, ambao mshahara wetu unatoka kwenye ada, tukabaki mikono mitupu. Mkuu wa shule alitupa nusu mshahara, akatuaga kwa dua. Simlaumu, yeye mwenyewe alirudi kijijini kushika jembe.

Wenzangu wengine walichoma chapati kando ya barabara, wengine wakapanda boda. Mimi nilifua nguo za watu na kukaanga maandazi, na kodi ikawa inalimbikizwa mwezi baada ya mwezi.

Uani petu ni safu mbili za mizigo, kama Waganda wanavyoviita vyumba vya kupanga vya mlango mmoja mmoja, bomba la maji katikati na kamba za nguo juu. Nusu ya wapangaji ni Wakongomani wa Bukavu, Goma na Uvira. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na sheria yake ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kwenda watakako, ndiyo maana wengi wako hapa mjini wakijitafutia badala ya kukaa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Akina mama wanauza vitenge, vijana wanashona na kunyoa. Kafyu ilipowekwa ya saa moja jioni, wote hao, pamoja na mimi na Waganda wa vyumba vya mbele, tulijikuta uani mapema, hatuna pa kwenda wala fedha ya kuhesabu.

Watoto ndio walioanza. Jioni moja waliigiza mpangaji anavyofukuzwa. Mmoja alishika fimbo akawa mwenye nyumba, wengine wakabeba mkeka na sufuria wakaviweka nje, na mdogo kabisa akaambiwa alie. Watu wazima wakaacha kuongea. Kisha mama mmoja wa Bukavu, ambaye miezi michache nyuma alitolewa vyombo nje kwenye nyumba nyingine, akainuka kutoka kwenye jerikani aliyokuwa ameikalia, akasema, "Hapana. Haikuwa hivyo."

Kabla ya ualimu nilipitia Bagamoyo, TaSUBa, chuo cha sanaa, na huko tulifundishwa mengi kuhusu chanzo cha mchezo. Lakini sijaona chanzo kilicho wazi kuliko hicho. Mtu ameona maisha yake yakiigizwa vibaya, na hawezi kukaa kimya. Nikamwambia, "Mama, njoo utuonyeshe ilivyokuwa."

Nilidhani atajiigiza mwenyewe. Alikataa. Alitaka kuwa mwenye nyumba. Aliazima kofia ya kijana wa chumba cha mwisho, akachukua funguo zangu, akasimama hatua mbili kutoka mlangoni. Nikamwambia asogee karibu, anasikika kwa mbali. Akasema yule bwana hakusogea, alisimama pale pale, uso ameugeuza ukutani, na funguo alikuwa anazizungusha kidoleni muda wote bila kutulia. Akarudia. Akarudia tena. Mara ya mwisho alinyamaza katikati ya maneno, akamtazama msichana aliyekuwa akiigiza yeye, akasema polepole, "Kumbe na yeye aliona haya." Tulipoketi nilimuuliza kama amemsamehe. Akanijibu kwamba hajamsamehe, ila sasa anaweza kumfikiria bila kutetemeka.

Kuna watu wanaosema shida ni mwalimu, kwamba Mungu hukupitisha kwenye moto ili utoke dhahabu. Nimeishi na shida kwa karibu, yangu na ya jirani zangu, na siwezi kusema hivyo. Niliona wanaume wazuri wakiingia kwenye pombe, nikaona ndoa zikivunjika kwa kilo ya unga. Shida yenyewe haina inachokupa. Kilichotupa kitu ni kazi ya kuipanga. Vyombo vyako vinapotolewa nje huamui lolote. Kwenye mazoezi ni wewe unayeamua nani aingie kwanza, godoro litoke kabla au baada ya sufuria, mtoto alie au anyamaze. Na unaposhindwa kuubeba mzigo wako, kuna mwenzako amesimama tayari kuubeba kwa niaba yako mbele ya watu, na wewe umekaa unamwambia inua bega kidogo, hapo hapo. Kwangu mimi, maana ya miaka ile nimeipata hapo, katika kurekebishana.

Hapa Kampala kazi hii ina heshima na ina damu. Ukumbi wa taifa wa michezo ya kuigiza ulifunguliwa 1959, karibu na Bunge, na katikati ya miaka ya 1960 wanafunzi wa Makerere walikuwa wakizunguka na michezo yao masokoni na mashuleni. Byron Kawadwa aliuongoza ukumbi huo wakati wa Idi Amin. Mwaka 1977, baada ya kurudi na kundi lake kutoka Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, alikamatwa na watu wa usalama akauawa. Kila ninapopita pale namkumbuka.

Jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta, mzee tunayemwita Jjajja, ni wa enzi hizo. Tulipoanza mazoezi ya mchezo wenye kizuizi cha barabarani, alisikia kijana wetu akiigiza askari, akatuma mjukuu aulize ni nani wanaopiga kelele kwa Kiswahili. Nilikwenda kumwamkia na kuomba radhi, nikijua kwamba kwa wazee wengi wa Buganda Kiswahili kilikuwa sauti ya askari wa Amin. Tulimwalika aje kutazama. Alikuja na fimbo yake, akakaa, akasikiliza, kisha akaniambia, "Nnyabo", yaani mama kwa Kiganda, "huyu askari wako ana adabu mno. Wale hawakuwa hivi." Akasimama mwenyewe. Akamwonyesha kijana jinsi ya kuchukua kitambulisho bila kukisoma, jinsi ya kukiangusha chini ili mwenyewe ainame kukiokota. Kijana wetu, aliyezaliwa Goma na kupita vizuizi vyake mwenyewe, alimtazama Jjajja kama mtu aliyekutana na ndugu wa damu. Baadaye mzee alitusimulia Aprili 1979, askari wa Tanzania walipoingia mjini, nao wakisema Kiswahili, na watu wakawaita Bakombozi. Hakueleza zaidi. Tangu siku hiyo akawa haachi mazoezi, na yeye ndiye aliyetuambia tutundike kitenge kwenye kamba za nguo kiwe pazia.

Lazima niseme pia kwamba kuigiza si hospitali. Kaka mmoja wa Uvira tulipofika kwenye njia ya kukimbia usiku alianza kuhema, akatoka, na kwa siku nyingi hakutaka kutuona. Tukaitupa sehemu ile. Tangu hapo tuna masharti: hakuna anayelazimishwa kuigiza jeraha lake, na yeyote akisema basi, ni basi, hata kama kesho yake kuna onyesho. Wageni wenye kamera huwa wanataka hasa sehemu zile tulizozitupa. Tunawakatalia.

Kumbi za burudani ziliporuhusiwa tena mwishoni mwa Januari 2022, tulitoka uani. Uwanja wa kanisa, ua wa shule ya msingi, nafasi nyuma ya soko, popote. Tunatumia njia aliyoianzisha Augusto Boal wa Brazil, naye mtu aliyeteswa na serikali ya kijeshi mwaka 1971 kisha akaishi uhamishoni. Mchezo unaonyeshwa hadi mnyonge anaposhindwa, halafu unaanza upya, na mtazamaji yeyote anaweza kusema simama, akaingia mahali pa mnyonge na kujaribu njia yake. Katika mchezo wetu wa kufukuzwa, mtu wa boda aliingia akagombana na mwenye nyumba kwa nguvu, akashindwa. Dada mmoja muuza nyanya akaingia, akaketi kwenye godoro, akakataa kuinuka hadi mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, aitwe. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa kwenye umati. Ikabidi aingie, na mbele ya watu wake akaieleza sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022, kwamba mpangaji hatolewi nje bila amri ya mahakama. Wengi pale walikuwa wanaisikia kwa mara ya kwanza. Mama wa Bukavu, akiwa bado na kofia ya mwenye nyumba kichwani, alimuuliza maswali hadi watu wakapiga makofi.

Nimerudi darasani sasa, vipindi vyangu ni vile vile, na Jumamosi ni ya mazoezi. Mchezo tunaoutengeneza unahusu wasichana waliopata mimba wakati shule zimefungwa. Serikali ilielekeza wapokelewe shuleni, wajawazito na wanaonyonyesha, lakini madawati mengi ya wasichana niliowafahamu yalibaki wazi. Mwisho wake umetugawa. Nusu ya kundi inataka msichana arudi darasani, kwa sababu wapo waliorudi na watazamaji wana haki ya kuwaona. Nusu nyingine inasema asirudi, kwa sababu wenzake wengi hawakurudi. Anayeigiza msichana huyo ana mtoto wa miaka minne, na yeye hayuko upande wowote kati ya hizo. Anataka mwisho uanzie kwa mama yake msichana, kwenye siku aliyoamua ni nani atakayebaki na mtoto. Sehemu hiyo haijaandikwa. Jumamosi hii tunamwachia yeye aisimamie.