Angekuwa wako ungefanyaje?

Mimi natibu mifugo huku Unguja. Bibi mmoja wa Ndagaa, ng'ombe wake mgonjwa, kaniuliza suali Jumatatu, na hadi leo Ijumaa sijapata pa kuliweka.

"Nnakuuliza, mwanangu. Angekuwa wako, ungemchoma sindano au ungemwita mchinjaji?"

"Ningemchoma, bibi."

Akafukuza nzi kwa ncha ya kanga. "Ungemchoma, ndiyo. Wewe mwisho wa mwezi unalipwa."

Hakulisema kwa ubaya. Angenitukana ningekwishasahau.

Mtamba huyo ndiye ng'ombe pekee aliyenaye, na ana mimba. Joto 41, tezi chini ya sikio imevimba hata ukiigusa anavuta kichwa, kupe wamejazana ndani ya masikio yote mawili. Ndigana kali, maradhi ya ng'ombe yanayoletwa na kupe, haina mjadala. Haimwambukizi mtu, kwa hiyo wengi wakiiona huwahi kisu, angalau pesa kidogo irudi. Ukishachoma dawa, nyama haifai kuliwa kwa wiki kadhaa. Akifa ndani ya wiki hizo huna ng'ombe, huna nyama, na pesa ya dawa imekwenda. Bibi anaijua hesabu hii kuliko mimi.

Lakini mimi kabla ya kumjibu nilikwishayasikiliza mapafu. Makavu. Pumzi inaingia na kutoka bila mkoromo, puani hakuna povu. Maji yakishaingia mapafuni, ningemwambia tusipoteze dawa, hata ningekuwa na mishahara miwili. Jibu langu nililitoa kifuani mwa ng'ombe, nami nilikuwa nimeziba masikio kwa kipimo, yeye hakusikia nilichosikia. Hilo ndilo linaloniuma. Nimeshalijibu suali lake mara nyingi kichwani, juu ya pikipiki, jikoni, hata kwenye harusi ya mdogo wangu, ambayo alhamdulillahi imepita salama. Na kila nikijibu nasema ningechoma, na kila nikisema hivyo naona yeye naye ana haki. Mimi nikikosea kubahatisha, watoto wangu watakula. Yeye je?

"Basi mchome," alisema mwishowe, akageuka kutazama minazi asiione sindano. Buparvakuoni, dawa ya ndigana, ml 1 kwa kila kilo 20. Kwa utepe wa kukadiria uzito alitoka kilo 220, kwa hiyo ml 11, nikazigawa pande mbili za shingo. Wakati nafungasha akaniambia, "Mbung'o mliwamaliza kwa ndege. Kupe mtawamaliza lini?" Marehemu mumewe alipoteza ng'ombe kwa ndorobo, maradhi yanayoletwa na mbung'o, na bibi anazikumbuka ndege za kuanzia 1994 zilizokuwa zikimwaga mbung'o madume waliofugwa Tanga na kutiwa mionzi wasizalishe, mpaka Unguja ikatangazwa haina mbung'o mwaka 1997. Mimi siwezi kumpa ndege. Nilimwachia dawa ya kuogeshea na nikamwonyesha mjukuu namna ya kuipaka ndani ya sikio, maana kupe hawa ndiko wanakojificha.

Jana asubuhi mjukuu huyo kanipigia. "Dokta, anacheua!"

Nilisimamisha pikipiki kando ya njia nikacheka peke yangu. Barua ya uhamisho wa Pemba ilikuwa mfukoni tangu juzi, na kwa dakika ile sikuikumbuka kabisa. Alasiri nikenda mwenyewe: joto limeshuka, tezi imenywea, majani ya tembo yote kwenye hori kayamaliza na ananiramba mkono kutafuta mengine. Furaha ya kazi hii sijaipata kwengine popote, na sitafuti.

Bibi kanipa mfuko wa mashokishoki. Suali lake hakulirudia, wala mimi sikulitaja, ingawa nilitamani.

Presha ya Mama leo imesoma 170 kwa 100. Kumbe dawa kaacha, ati zinamkausha kinywa, na dada yangu anaogopa kumwambia kitu. Nikihamia Pemba nani atamsimamia?